Mikono inayotetemeka baada ya duara kutitia: jibu kwa dada wa Bahi

Swali: Mbukwenyi. Mdogo wangu ana miaka 27 na amekaa karibu miaka minne kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Manyoni. Wiki saba zilizopita duara lao, yaani shimo wanalochimbia, lilititia usiku. Wenzake wawili wakafia humo, yeye akatolewa baada ya saa kadhaa. Sasa yuko nyumbani hapa Bahi. Halali. Ndoo ikigonga chini anaruka. Alikuwa mpole, siku hizi anafoka hata kwa watoto. Anaanza gongo asubuhi, na mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Mjomba anasema duara limedai kafara, apelekwe kwa mganga. Mama anataka Mirembe, hospitali ya akili. Mwenyewe anasema bora afe kuliko kuonekana Mirembe, na mwezi ujao anataka kurudi machimboni kwa sababu ana deni. Tuanzie wapi?

Jibu: Poleni sana dada, wewe na nyumba nzima, na pole nyingi kwa familia za wale vijana wawili.

Nianze na ile chai. Katika yote uliyoeleza, mkono unaotetemeka ndio kitu mnachoweza kukitazama, kukipima na kukiandika. Ndio pia unaonifanya nifikirie kwamba mdogo wako amebeba mizigo mitatu kwa pamoja: mshtuko wa ile ajali, pombe, na zebaki, ile ya kukamatia dhahabu. Mtu aliyekaa machimboni miaka minne anaweza kutetemeka kwa lolote kati ya hayo, na tiba ya moja ikifanywa ovyo inamuumiza kwa jingine. Mkimwita mwendawazimu leo, hakuna atakayeuliza habari ya zebaki. Mkimwita mlevi, hakuna atakayeuliza habari ya duara.

Ila yapo mambo mawili ya leo, kabla jua halijazama.

La kwanza ni lile neno lake kwamba bora afe. Inawezekana ni hasira tu, lakini msilipime kwa kubahatisha. Kaa naye mahali penye faragha, akiwa hajalewa sana, umuulize kwa maneno yaliyonyooka: "Siku hizi umewahi kufikiria kujiua?" Usizungukie kwa kuuliza "una mawazo mabaya?", maana atajibu hapana na wote wawili mtakuwa mmeepuka jambo. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Wengi huona nafuu kwamba hatimaye kuna mtu aliyelitamka. Akikubali, muulize kama amefikiria njia na kama anacho kitu cha kutumia. Kisha nyumba isafishwe. Dawa za kunyunyizia shambani, dawa za panya, vidonge vyovyote, kamba alizorudi nazo, na ukikuta mabaki ya baruti au fataki kwenye begi lake usiyashike wala kuyahamisha: toa taarifa polisi. Mtu mzima alale naye chumba kimoja. Akiwa ameshapanga njia au siku, safari ya hospitali ni sasa hivi, hata kama ni usiku.

La pili ni kichwa chake. Mtu aliyefukiwa na kifusi anaweza kuwa alipigwa na jiwe, damu ikavuja polepole ndani ya fuvu, na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye. Kama maumivu ya kichwa yanazidi siku hadi siku, anatapika bila sababu, anasinzia mchana kwa namna isiyo ya kawaida, anachanganya maneno, au mkono na mguu wa upande mmoja umepungua nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na mseme wazi kwamba alifukiwa. Waulizeni wenzake pia kama kulikuwa na pampu au jenereta ya petroli inayofanya kazi chini usiku ule. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi inayonyima ubongo hewa, na kuna wanaopata nafuu kisha wiki chache mbele wanaanza kusahau na kubadilika tabia. Daktari hawezi kulijua hilo msipomwambia.

Kama hayo mawili hayapo, mna siku chache za kujipanga. Zitumieni kuutazama mkono.

Mwite asubuhi kabla hajanywa, umwambie ukweli kwamba unataka kumwandalia daktari maelezo. Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama chini, vidole vimeachana, kisha laza karatasi ya daftari juu yake. Karatasi huukuza mtetemo ambao jicho halioni vizuri. Baada ya hapo shika kidole chako mbele yake, umbali anaoufikia kwa mkono ulionyooka, aguse ncha ya pua yake kisha kidole chako, mara tano kila mkono. Angalia mtetemo unafanya nini mkono unapokaribia kufika. Mwisho achore mviringo unaojizungusha kama ganda la konokono, bila kuegemeza mkono mezani, na aandike jina lake chini. Andika tarehe na saa. Rudia jioni, kwenye karatasi nyingine. Halafu tafuta mwandiko wake wa zamani, daftari la shule au sahihi yoyote aliyowahi kuweka, uiweke pembeni.

Mtetemo wa pombe ni mbaya zaidi asubuhi, unakuja na jasho na moyo kwenda mbio, na unatulia muda mfupi baada ya glasi ya kwanza. Mtetemo wa hofu hauna saa maalumu. Unafuata kitu: mlio wa winchi, ile mashine ya kamba ya kushushia watu duarani, harufu ya udongo mbichi, giza, habari ya ajali redioni, unapanda kwa dakika chache na kushuka. Mtetemo wa zebaki upo kila siku, uwe na pombe au bila pombe. Huanza kwenye vidole, mara nyingi hugusa kope na midomo, na dalili yake kubwa ni kwamba mkono unatetemeka zaidi unapokaribia kulenga kitu: kikombe kinakaribia mdomo, ufunguo unakaribia tundu. Mwandiko nao unakuwa wa kukatakata ukiulinganisha na ule wa zamani. Onyo moja: pombe inaweza kutuliza mitetemo ya asili nyingine pia, na tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi nayo inatetemesha mikono. Kwa hiyo michoro hiyo ni ya kumsaidia daktari kuuliza maswali sahihi. Jibu la mwisho litoke kwake.

Sasa pombe, maana hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Msimfungie chumbani na kumwaga gongo yote. Mtu anayeamka na kunywa kila siku, mwili wake umeshazoea kuendeshwa na pombe, na ukiikata ghafla unaasi. Saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho huja jasho, kutetemeka na kichefuchefu. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne baadhi huanza kuweweseka, wakaona wadudu ukutani au kusikia wenzao wakiita, homa ikapanda. Hali hiyo ya mwisho inaua. Ni huruma kubwa kwamba wengi wanaofikia hapo hupelekwa kuombewa au kufungwa kamba, kwa sababu watu wa nyumbani wanadhani ndiyo wazimu wenyewe umefika.

Aachishwe pombe chini ya macho ya wahudumu wa afya. Hospitalini humpa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku. Waambieni mapema kwamba ni mnywaji wa kila siku na hali chakula vizuri. B1 inatakiwa itangulie dripu ya sukari, la sivyo ubongo uliokosa vitamini hiyo unaweza kuumia. Hadi siku ya kwenda, asikate ghafla wala asiongeze. Mpeni uji wa mtama au uwele, karanga, mayai, kunde, na maji ya kutosha. Kitu kimoja nakusihi sana: mtu asimnunulie diazepamu, ile inayoitwa valiamu, duka la dawa ili "alale". Dawa ileile inayookoa wodini, ikichanganywa na gongo nyumbani inaweza kumzimisha pumzi usingizini. Na gongo yenyewe haina kipimo. Leo ni kali, kesho ni kali zaidi, na wakati mwingine ina kemikali inayopofusha.

Kuhusu zebaki, lazima umuulize mdogo wako kama fundi anavyoulizana na fundi mwenzake. Alikuwa anashuka tu duarani, au pia alikuwa anapeleka mawe karasha yasagwe, anasafisha mwaloni, pale pa kuoshea, na kuchoma zebaki iliyokamata dhahabu? Machimbo mengi madogo kijana mmoja anazipitia kazi zote. Nani alikuwa anachoma, na wapi? Hili la "wapi" ndilo lenye siri. Wengi huchomea chumbani wanamolala, mlango umefungwa, kwa kuogopa kuibiwa dhahabu. Zebaki huchemka nyuzi 357 za selsiasi, lakini hata bila moto hutoa mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo hauna harufu wala rangi. Ukivutwa, takriban asilimia 80 inabaki mwilini kupitia mapafu. Ajabu ni kwamba zebaki ya maji ikimezwa, tumbo hupokea kidogo mno. Ndiyo maana mchimbaji anaweza kuichezea kiganjani miaka mingi akiamini haina neno, wakati kinachomla ni kile asichokiona juu ya kijiko cha moto.

Inachofanya kwenye akili kinajulikana tangu karne ya 19, pale watengeneza kofia wa Ulaya, waliotumia zebaki kulainisha manyoya, walipoanza kutetemeka na kubadilika tabia. Mtu mpole anakuwa mwepesi wa hasira. Mchangamfu anakuwa mwoga wa watu, hataki kutazamwa akifanya kazi. Usingizi unapotea, kumbukumbu inalegea. Pamoja na hayo muulize kama fizi zinatoka damu, mate ni mengi, au mdomoni kuna ladha ya chuma. Na swali la maana kuliko yote: mabadiliko haya yalianza baada ya ajali, au yalikuwepo kabla? Mpigie rafiki yake aliyebaki machimboni. Kama alikuwa anafoka na kumwaga chai tangu mwaka jana, zebaki inasogea mbele ya orodha.

Kipimo chake ni mkojo. Zahanati haitakuwa nacho, kwa hiyo ombeni daktari wa hospitali ya mkoa aelekeze sampuli iende wapi, na mseme kazi aliyokuwa akifanya kwa maelezo kamili, pamoja na lini alichoma mara ya mwisho. Tarehe hiyo ni muhimu kwa sababu mwili huitoa zebaki polepole. Nusu ya iliyomo hutoka kwa takriban miezi miwili. Tiba kubwa ni kukaa mbali nayo. Dawa za kuivuta itoke zipo, lakini ni za mtaalamu na si kila mgonjwa anazihitaji. Maziwa, ambayo wachimbaji wengi hunywa wakiamini yanasafisha, ni chakula kizuri ila hayaondoi zebaki.

Fungueni na begi lake. Nguo za machimboni zifuliwe peke yake, mbali na za watoto. Mkikuta kichupa cha zebaki, kifungwe vizuri, kiwekwe ndani ya chombo kingine chenye mfuniko, kitolewe chumba cha kulala na mumuulize afisa afya pa kukipeleka. Ikimwagika, watoto na mjamzito watoke, madirisha yafunguliwe, matone yakusanywe kwa karatasi ngumu na yale madogo kwa utepe wa gundi (selotepu). Fagio linayapasua yakawa mengi zaidi, na chooni si mahali pake.

Halafu kuna lile duara lenyewe.

Mtu aliyenusurika kifo hupata usiku mbaya wiki za kwanza, na wengi hutulia wenyewe ndani ya mwezi mmoja wakiwa na watu wanaowapenda karibu. Wiki saba zimeshavuka mwezi. Kama bado tukio linamrudia ndotoni au akiwa macho, anakwepa chochote kinachomkumbusha, na mwili uko macho muda wote kana kwamba kifusi kinakuja tena, huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Ndoo anayoiruka ina maana. Duarani ndoo ndiyo saa, ndiyo simu, ndiyo lifti. Mlio wake ukibadilika mtu wa chini anajua kuna jambo. Ubongo wake ulijifunza somo moja usiku ule na haujui kwamba somo limekwisha.

Nyumbani mnaweza kufanya haya. Atakayegonga kitu atangulize neno: "naweka ndoo chini". Akiota, msimtikise, simameni mlangoni, mwiteni kwa jina, mwacheni aamke mwenyewe, maana mkono wa kwanza atakaourusha ni wa mtu anayepigana na kifusi. Taa ndogo ibaki inawaka. Akirudishwa kule macho yakiwa wazi, semeni naye taratibu vitu vinavyoshikika: "Uko Bahi, kwa mama. Leo Jumanne. Shika huu ukuta. Huyo ni jogoo wa jirani." Aamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbovu, akae juani asubuhi, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Msimlazimishe kusimulia ajali kwa kila mgeni anayekuja kumpa pole; kuisimulia mara moja kwa shinikizo hakumtibu. Akitaka kusema mwenyewe, sikilizeni bila kumwambia "mshukuru Mungu wewe ulipona". Yeye anachojiuliza ni kwa nini alipona.

Na hapa niulize swali ambalo kliniki mara nyingi hazilifikii. Je, aliwazika wenzake? Ajali za machimbo huwa hivi: aliyenusurika yuko wodini, huku miili inasafirishwa kwenda kuzikwa kwao, pengine mikoa ya mbali, kabla hajasimama. Anabaki na watu wawili ambao kwake hawajafa sawasawa. Kama hakuzika, pangeni afike kwenye makaburi au kwa wazazi wa marehemu akiwa na mtu mzima wa ukoo, akae msibani kama desturi inavyotaka, hata siku moja. Iwe baada ya pombe kutulia, na mzungumze kwanza na ile familia kwa simu, kwa sababu wapo wazazi watakaomuuliza kwa uchungu mtoto wao alikufaje. Muandaliane jibu fupi la kweli.

Tiba ya hospitali kwa mshtuko huu ni mazungumzo ya hatua kwa hatua na mtaalamu, wiki kadhaa, mara nyingine pamoja na vidonge vya kuinua hali ya moyo kama fluoksetini. Vidonge hivyo huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi. Siku za mwanzo tumbo linaweza kusumbua na wasiwasi ukaongezeka kidogo, na hapo ndipo wengi huviacha wakisema "havinifai". Akipona huendelea navyo miezi mingine, kama 6 au zaidi, kisha daktari anavipunguza. Akiandikiwa amitriptilini, jueni kwamba vingi kwa pamoja ni sumu kali ya moyo; kaeni nazo wewe au mama, mumpe za siku hiyo tu.

Sasa Mirembe. Najua lile jina linavyotumika mitaani hapa Dodoma. Mtoto akichelewa kuelewa hesabu anaambiwa atapelekwa Mirembe, kwa hiyo kijana wa miaka 27 akisikia jina hilo anaona maisha yake yamefungwa. Kwa kweli ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na watu wengi wanaofika kliniki yake ya nje wanaonwa, wanapewa dawa na tarehe, wanapanda gari kurudi nyumbani. Isanga, inayotisha watu zaidi, ni sehemu ya wagonjwa wenye mashauri ya jinai. Haimhusu mdogo wako. Hata hivyo sioni sababu ya kuanza na vita hiyo. Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Dodoma mjini, ambako atachunguzwa kichwa, tezi, ini na sukari, na ambako kuachishwa pombe kunawezekana kwenye wodi ya kawaida. Mtaalamu akiona umuhimu wa Mirembe atatoa rufaa, na wakati huo kijana atakuwa ameshapata usingizi wa siku chache na ataweza kusikiliza.

Mwambieni "twende ukapimwe mikono na usingizi". Ni kweli tupu, na mwanaume aliyezoea kazi za nguvu anaikubali kwa urahisi kuliko "twende ukatibiwe akili". Msimdanganye kwamba mnaenda sokoni. Akigundua getini, hamtampata tena. Nendeni watu wawili anaowaheshimu, si watano. Bebeni karatasi moja yenye haya: siku ya ajali na saa alizofukiwa, kiasi anachokunywa na saa ya glasi ya kwanza, mara ya mwisho kuchoma zebaki, dawa zozote alizomeza zikiwemo za kienyeji, na ile michoro ya asubuhi na jioni. Daktari wa foleni ndefu ana dakika chache, na karatasi hiyo inampa picha ambayo mgonjwa mwenye aibu hataitoa kwa mdomo. Gharama zikiwashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini kabla ya kuondoka. Kuondoka kimyakimya kwa kukosa fedha ndiko kunakokatisha tiba nyingi.

Mjomba msimdharau. Imani kwamba duara linadai kitu ni kongwe machimboni, na kwa mtu aliyeona wenzake wakifukiwa inatoa maana fulani. Maombi, au wazee kukaa na kijana na kumwondolea lawama, vinaweza kumtuliza. Mpaka wangu ni huu: asifungwe kamba, asinyweshwe mitishamba wakati anatumia dawa za hospitali, asifungishwe chakula siku anazoacha pombe, na asiambiwe atupe vidonge. Mjomba akikubali manne hayo, mwombeni yeye ndiye amsindikize hospitali. Neno lake lina uzito kuliko langu.

Limebaki deni na kurudi. Mwezi ujao ni mapema mno, na sisemi hivyo kwa kumuonea huruma tu. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Kijana asiyelala, mwenye mkono unaotetemeka, akishika kamba ya winchi, anayening'inia chini ni mtoto wa mwenzenu. Kwa hiyo kaka au baba azungumze na mwenye duara au mfadhili anayemdai. Mara nyingi deni ni la posho na chakula kilichokatwa kwenye mgao, na aliyenusurika ajali kwenye duara la mtu anastahili kupewa muda. Andikisheni kiasi kwenye karatasi, kwa mashahidi, na mpange kulipa kidogo kidogo. Kama alikuwa mwajiriwa wa mgodi wenye leseni, ulizeni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema, mkiwa na maandishi ya daktari yanayotaja ajali.

Akija kurudi, atenganishe hofu mbili. Hofu ya duara lisilo na matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, linalovuja maji ya mvua, ambalo mdomo wake umejaa kifusi kinachosubiri kurudi ndani, ni akili timamu inayofanya kazi, hiyo haitibiwi. Ofisi ya madini ya mkoa ndiyo ya kuulizwa kama duara limekaguliwa. Hofu ya duara salama ndiyo ya kuizoea, na huzoewa kwa ngazi. Kwanza awe amelala saa 7 hivi kwa usiku karibu wote wa wiki nne, hanywi, na michoro yake imetulia. Aanze na kazi za juu ya ardhi, mchana tu: kuchonga na kupanga matimba, kuhesabu viroba, kutunza vifaa. Kuchoma na kusafisha kwa zebaki asiguse tena, hata kama kipimo kilitoka kizuri. Baada ya wiki mbili asimame karibu na mdomo wa duara na mtu anayemwamini, aipime hofu yake kutoka 0 hadi 10, abaki pale mpaka ishuke nusu, inaweza kuchukua dakika 20 hata 45. Akikimbia ikiwa juu, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho itakuwa juu zaidi. Siku nyingine ashuke hatua chache na kupanda. Baadaye nusu, baadaye chini, dakika tano za kwanza bila kufanya kazi yoyote. Zamu ya usiku iwe ya mwisho kabisa kurudishwa, na winchi asikabidhiwe mpaka wenzake wenyewe, wanaoning'inia kwenye hiyo kamba, waseme wako radhi.